Mabati ya Wahu

Mtihani wa mwisho wa mafunzo ya upatanishi pale Mabanga, mwezi wa saba 2008, ulikuwa kupatanisha ugomvi wa kweli nyumbani kwako. Sifuna alichagua wa Wahu, Mama Kibe, aliyekuwa jirani yake karibu na Kitale. Mwezi wa kwanza, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu walimuua Kang'ethe, mume wa Wahu, wakaezua nyumba yao. Sasa Wahu alilala kwenye hema. Alitaka kitu kimoja: mabati yake ishirini na nne, arudi ajenge.

Majirani walikusanyika kwa Sifuna. Nyumba ilikuwa mpya. Mabati yalikuwa ya zamani, lakini mgeni mwenye adabu hakagui paa la mwenyeji. Mwalimu Nakhungu alikaa kwenye kona na karatasi ya alama.

Saa nane mvua ikaanza, na mabati yakaanza kuongea. Kwanza yalikohoa kama Kang'ethe. Yakauliza kama ng'ombe ameshakamuliwa. Phelista, mke wa Sifuna, aliendelea kumimina chai. Alikuwa amezoea tangu mvua za Machi.

Kisha mabati yakasema, "Sifuna, hata wewe, bana? Si jana tumekula kwako?"

Halafu yakanyamaza, maana hapo ndipo Kang'ethe aliponyamaza. Mvua yenyewe iliendelea.

Watu walitazama vikombe. Sifuna alikunja mikono kama alivyofundishwa.

"Tumesikia," akasema. "Mama Kibe, hiyo imekufanya ujisikie aje?"

"Hayo ni mabati yangu," Wahu akasema.

"Mpatanishi hasemi nani mwenye makosa, mama."

Nakhungu akatia alama ya vema.

Kufikia saa kumi makubaliano yalikuwa yameandikwa. Mabati yabaki, kwa sababu kuezua huleta fujo. Wahu aruhusiwe kuja kusikiliza mvua ikinyesha, ila aje na kiti chake. Wahu akaweka kidole. Nakhungu alimpa Sifuna tisini na nne kwa mia, akaandika kwamba hakuegemea upande wowote, hata wake mwenyewe.

Tangu hapo, wingu likitanda, Wahu hufika na kigoda chake na kukaa chini ya upenu, karibu na mlango. Mabati yakimwita, yeye huitika. Sifuna, ambaye sasa ameandikwa kazi ya kupatanisha watu mjini, akirudi jioni humsalimia kwa heshima, kisha humwomba asogee kidogo apite.