Kichwa cha Mfalme Edwadi

Saa tatu asubuhi foleni ilikuwa imeshateremka ngazi za hoteli hadi barabarani, na theluji ilikuwa imegeuka tope. Wilfred Oldroyd alikuwa na soksi ya sufu mfukoni, na ndani ya soksi sarafu kumi na mbili za shilingi mbili.

Alizikusanya mwenyewe, miaka ile mkewe Hilda alipokuwa akiuza bia klabu ya wafanyakazi. Kila Ijumaa Wilfred alipekua chenji ya klabu, akaweka sarafu mpya na kuchukua kuukuu ya thamani ileile. Wenzake walimcheka. Lakini alikuwa amesoma maktabani kwamba sarafu za kabla ya mwaka 1920 ni madini ya fedha karibu tupu, za baada ya hapo ni nusu tu, na kuanzia 1947 hazina fedha hata chembe.

Sasa bei ya fedha ilikuwa imepanda ajabu, na mgomo wao wa kiwanda cha chuma ulikuwa katika wiki ya sita. Hilda angetoka hospitali Jumatatu na mapafu yake mabovu. Daktari alisema chumba kisipoe hata kidogo. Mwenye makaa ya mawe alitaka pauni thelathini na tano kwa nusu tani, taslimu, kabla ya saa sita mchana.

"Wagomaji siwakopeshi, Wilf," alikuwa amemwambia. "Si chuki. Nikikukopesha wewe, mtaa mzima utanijia."

"Oldroyd!" mtu aliita kutoka nyuma. "Umevunja benki?"

"Benki ilinivunja mimi kwanza!"

Foleni ikacheka. Hata Bi Hepworth, mjane wa mtaa wa pili, aliyesimama nyuma yake tu na kopo la peremende mkononi, alitabasamu.

Mnunuzi wa sarafu kuukuu aliitwa Pomfret. Alikuwa ametoka Leeds na kukodi chumba cha ghorofa ya kwanza kwa siku mbili. Alimwaga sarafu za Wilfred juu ya kitambaa, akazigeuza kwa kidole.

"Zimefutika, mzee. Mwaka hausomeki. Isiyo na mwaka nailipa nusu: pauni moja na nusu kila moja. Kumi na nane zote."

"Mwaka wa nini?" Wilfred aliokota moja. "Tazama kichwa. Kipara, ndevu, uso umeelekea kulia. Huyu ni Edwadi. Mwanawe Joji anaelekea kushoto. Na Edwadi alikufa 1910. Maiti hapigiwi sarafu miaka kumi baadaye."

Pomfret alitazama mlango uliokuwa wazi. Akainama, sauti ikashuka.

"Umesoma, naona. Haya, tatu tatu. Thelathini na sita. Lakini darasa lako liishie hapa mezani. Tumeelewana?"

Wilfred aliona makaa yakimiminwa uani. Alimwona Hilda kitandani, akipumua. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alizipokea noti, akazikunja ndani ya soksi, akatoka.

Bi Hepworth akaingia. Wilfred alikuwa ameshashuka vidato vinne aliposikia sarafu zikimwagika, kisha sauti ileile ya upole: "Zimefutika, bibi. Isiyo na mwaka nailipa nusu."

Alishuka kidato kimoja zaidi. Hapo akasimama. Akajitukana kimoyomoyo, akapanda tena.

"Bi Hepworth, usikubali! Hicho ni kichwa cha Edwadi, ni fedha ya zamani. Anakulalia." Akaigeukia foleni. "Nanyi nyote, angalieni vichwa! Kipara anayetazama kulia ni bei kamili!"

Pomfret hakupandisha sauti. Alinyoosha kiganja. "Kumi na nane zangu. Bei ile ilikuwa ya siri."

Wilfred alizihesabu noti moja moja, akaziweka mezani. Zilizobaki zingenunua robo tani, kama mwenye makaa angekubali kupima robo.

"Haya, Bi Hepworth," alisema. "Zoa sarafu zako twende."

Mjane hakusogea. Alikuwa akiufunga mfuniko wa kopo tupu.

"Wilfred, mwanangu, mimi nilizaliwa mfalme huyo akitawala. Sura yake ilikuwa ukutani shuleni kwetu. Unadhani simjui?"

"Sasa mbona..."

"Leo ndiyo siku ya mwisho niliyopewa kulipa deni, na ofisi ya umeme hufunga saa sita." Akamgeukia Pomfret. "Hesabu, bwana. Na fanya upesi, nina mwendo wa kwenda."

Pomfret akazikokota sarafu kwa ukingo wa kiganja, akaanza kuzihesabu. Nje mlangoni watu walikuwa wakigeuza sarafu zao kwenye mwanga wa dirisha, wakitafuta kipara. Hakuna aliyeiacha nafasi yake katika foleni.