Wifi wa Chumba cha Pasi

Ieleweke kwa wakubwa na wadogo, waliosafiri na walioishia stendi, kwamba yanayofuata ni mapenzi makuu ya vijana wawili ugenini, mapenzi ya kutikisa milima na kuwaliza askari wa mpakani. Tafadhali kaeni vizuri.

Mapenzi yenyewe, asubuhi hiyo, yalikuwa yamenuna katika chumba cha pasi cha nyumba moja ya wageni, yakiikandamiza foronya kana kwamba foronya ilimtukania mtu mama yake.

Aliyeshika pasi ni binti ambaye wenzake wa bwenini walimpa jina la Kiberiti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu mara mbili. Alimaliza chuo, akakusanya nauli, akavuka mpaka kwenda kuiona dunia. Kwenye foleni ya mihuri, kijana mmoja mrefu alimkanyaga kisigino, akaomba radhi kwa Kiswahili, kisha akamkanyaga tena. Huyo ndiye Twiga. Tangu siku ile walisafiri pamoja, basi kwa basi, wakigawana karanga, na kila mmoja akampenda mwenzake kimyakimya kama mwanafunzi aliyeficha redio chini ya godoro: anajua anayo, ila anaogopa kuiwasha.

Walipofika mji huu waliomba kazi kwa Bi Mkubwa, mwenye nyumba ya wageni. Kiberiti apige pasi, Twiga apake rangi fremu za madirisha, ujira wao chakula na kitanda, Kiberiti chumba cha wanawake, Twiga cha wanaume. Bi Mkubwa aliwakagua kuanzia chini, na kwa Twiga macho yalichelewa kufika.

"Nyie ni nani na nani? Maana wapenzi siwachukui. Wa mwisho waligombana, wakanimalizia sahani."

Kiberiti alibana pumzi. Sema, alimwambia Twiga moyoni. Hata akitufukuza, sema.

"Huyu dada yangu," Twiga alisema. "Tumbo moja."

Tumbo moja! Kiberiti akatabasamu kidada, na ndani akawaka mpaka utambi.

Uongo ule ungekufa kifo cha kawaida lau Bi Mkubwa asingekuwa na mpwa. Mpwa huyo alikuwa fundi cherehani, kibanda chake ng'ambo ya ua, msichana mpole, mcheshi, ambaye Kiberiti alijitahidi sana kumchukia akashindwa, na kushindwa huko kukamzidishia hasira. Bi Mkubwa aliupima urefu wa Twiga, akaupima upole wake, akaamua moyoni kwamba mwanamume amepatikana. Tangu hapo Twiga akawa anapakuliwa sahani yenye mlima, na Kiberiti akapewa cheo.

"Wifi, umeamkaje? Wifi, kaka yako anapendelea rangi gani? Wifi, mbona huli wala huneni?"

Wifi, wifi, wifi, kama nyuki sikioni. Na kwa cheo hicho hakuwa na haki hata ya kununa, maana dada gani mwenye akili hununa nduguye akipata mke?

Asubuhi hiyo Twiga alitokeza dirishani mwa chumba cha pasi, kopo mkononi, amevaa shati jipya. Lilimkaa. Hilo ndilo lililouma.

"Umelivaa," alisema Kiberiti.

"Nimeshonewa. Ningekataaje?"

"Kwa mdomo. Si unao? Ule wa kusema tumbo moja?"

"Angetufukuza, Kiberiti."

"Angetufukuza wote wawili! Sasa unaolewa wewe, mimi nabaki na foronya. Ungesema una mtu."

Brashi ilisimama hewani. Tone la rangi nyeupe likaangukia shati jipya. "Kwani nina mtu?" Twiga aliuliza taratibu.

Hapo ndipo pa kusema. Mtu mwenye busara angejibu. Lakini hasira ni kama mwalimu wa zamu, ikiingia darasani hakuna mwingine anayesema.

"Nenda kapake rangi, kaka."

Twiga akaondoka kwenda kutafuta mafuta ya kusafishia brashi, mabega yameshuka. Kiberiti alivuta shuka nyingine, akainyunyizia maji kama anayemwagia mtu.

Hajamaliza upindo, Bi Mkubwa akaingia, na nyuma yake fundi cherehani, amebeba mashuka aliyoyatia viraka. Bi Mkubwa alivuta kiti, akaketi kama jaji.

"Wifi yetu, leo nataka kuzungumza na kaka yako rasmi. Lakini mficha uchi hazai. Wewe umekua naye. Nitajie kasoro zake zote, usinibakizie hata moja."

Kiberiti hakuwahi kupewa ruhusa tamu kama ile.

"Anakoroma," alisema papo hapo. "Kama lori linalopanda mlima."

"Hata marehemu mume wangu alikoroma. Wezi walikuwa hawasogei."

"Anaogopa kuku."

"Hatufugi," alisema fundi, akiuma midomo asicheke.

"Hawezi kusema analolitaka!" Pasi ilishuka kwa kishindo, na sauti ikampanda. "Mnakaa kiti kimoja usiku kucha mpaka miguu inakufa ganzi. Anakutazama. Anafungua kinywa. Unasema moyoni, haya, leo. Kumbe anauliza kama karanga zimebaki!"

Bi Mkubwa alikunja uso. "Hilo nalo ni kasoro kwa dada mtu?"

Kiberiti aliona ameteleza, akashika tawi la kwanza alilolifikia. "Tena ana mchumba! Kamwacha nyumbani, anamsubiri."

"Mchumba! Na shati la mpwa wangu kalivaa?" Bi Mkubwa alisimama nusu, akaketi. "Yukoje huyo maskini?"

"Mfupi. Ana hasira, lakini hasira zenye sababu. Amevumilia mengi, Bi Mkubwa! Anampisha kaka dirishani kwenye kila basi, apate pa kukunjia ile miguu yake. Anamkumbusha kula. Aliumwa tumbo huko njiani, nani alikesha naye? Halafu mbele za watu, kwa ulimi wake mwenyewe, anamwita..."

"Shuka!" fundi alipiga kelele.

Moshi ulikuwa unapanda. Fundi aliinua pasi, na kwenye shuka palibaki alama ya kahawia, nzuri, yenye ncha. Hakuna aliyeitazama. Bi Mkubwa alikuwa anamtazama Kiberiti.

"Huyo mchumba si yuko nyumbani, anasubiri?"

"Ndiyo."

"Sasa amempisha dirishani kwenye basi lipi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kiberiti iliishia ukutani. Mlangoni, Twiga alikuwa amesimama na chupa ya mafuta, na uso wake ulisema hakufika sasa hivi.

"Lililotuleta hapa!" Kiberiti alifoka, machozi na hasira vikigombania mlango mmoja. "Ni mimi! Si kaka yangu, hata wilaya moja hatutoki. Nimekula chakula chako kwa uongo na shuka yako nimeichoma. Nampenda, na nina hasira naye mpaka meno yananiuma!"

"Mimi nataka..." Twiga alianza.

"Ukiuliza karanga nakurushia pasi!"

"Nakutaka wewe. Tumbo moja lilinitoka kwa woga. Nilidhani nikisema kweli utanicheka."

Fundi cherehani akashusha pumzi kwa raha. "Na mimi afadhali, shangazi, maana hukuniuliza. Lile shati nilimshonea kwa sababu la kwanza lilikuwa linatia aibu mtaa."

Bi Mkubwa hakucheka. Alikunja mikono, amekasirika kwa haki zote za mwenye nyumba.

"Sahani zangu mtaosha nyie mpaka mtakapoondoka. Lakini kuna jambo halijanikaa. Wageni wa chumba cha wanawake wananilalamikia kila asubuhi kwamba kuna mtu anawakoromea. Huyu kaka yako halali kule."

Kiberiti alitazama pasi, akatazama dari, akatazama miguu yake. Twiga alijifanya anasoma maandishi ya chupa.

"Kuhusu kukoroma," alisema Kiberiti polepole, "ni mimi."