Mti wa Bibi Stoyanka Katika Jumba la Sanaa

Simu ya Ralitsa ilitetema mkononi saa nne kasoro asubuhi. Ujumbe wa binamu yake, Kamen: tumeshuka basi, tunakuja, Bibi anauliza choo kiko wapi.

Basi mambo yameiva. Ralitsa alikuwa amesimama katika jumba la sanaa ya kisasa, pale mjini Plovdiv, mbele ya kazi yake ya kwanza kabisa kuonyeshwa. Mti mzima wa plamu, mkavu, kuanzia shina hadi vitawi, umesimama katikati ya chumba cheupe pee. Na umejaa maua! Maua yenyewe aliyakunja kwa tiketi za basi, zile za miaka minne ya kwenda kijijini kwa Bibi. Watu walikuwa wanaupiga picha tangu mlango ufunguliwe. Yeye mwenyewe alishapiga kama mia hivi.

Tatizo ni moja tu. Mti ulikuwa wa Bibi Stoyanka, na Bibi hakuwa na habari. Ulipokauka alisema ukatwe uwe kuni. Ralitsa akaitikia sawa Bibi, akaukata, akaupakia kwenye gari la jirani, kuni akamletea nyingine. Sasa mti huo aliupanda marehemu Babu wiki ya harusi yao. Bibi akiona amechezewa, atageuka arudi kituoni bila neno. Kamen aliwahi kununiwa mwaka mzima kwa sababu ya jagi.

Hao wakaingia. Bibi kajifunga kitambaa cha sikukuu, mkoba unanukia mkate wa jibini. Alipita kwenye picha za ukutani akiulizia fremu tu. Kisha akauona mti.

Akasimama. Ralitsa akainua simu usoni kama anayepiga picha.

Bibi akauzunguka taratibu mpaka akaufikia msumari wenye kutu, ule Babu aliokuwa akitundikia kofia. Akaugusa. Halafu akapandisha mkono wa koti, na pale kifundoni palikuwa na uzi wake mwekundu na mweupe. Kila mtu mle ndani alikuwa na wake, maana ni Machi, na uzi huo hauvuliwi mpaka uone ndege korongo au mti uliochanua, ndipo unaufunga mtini. Bibi akaufungua kwa meno, akaufunga kwenye kitawi.

Mlinzi, baba mmoja mnene aitwaye Dobri, akaja mbiombio. Kwa heshima zote akamweleza kwamba kazi za sanaa haziguswi, tafadhali aufungue uzi wake.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Hamsini na nane, mama."

"Na hujui kwamba uzi ukishafungwa mtini haufunguliwi? Huko kwenu mlilelewa na nani?"

Dobri akajikuna kichwa. Akajitetea kwamba mti haujachanua, yale ni makaratasi, na mwenye mti atalalamika.

"Mwenye mti ni mimi," Bibi akasema. "Na mwizi wangu ni yule pale, anayejificha nyuma ya simu."

Chumba kizima kikamgeukia Ralitsa. Akaishusha simu, akajikongoja mbele, akaanza kuomba radhi maneno yakigongana. Bibi wala hakumsikiliza. Alikuwa amevaa miwani, anasoma tarehe za tiketi, ua moja baada ya jingine.

"Hii ni ya siku tuliyopika jemu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na zote hizi ulikuwa unakuja kwangu?"

"Zote."

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa, akaifuta tena. Kisha akamgeukia Dobri.

"Umechanua. Nani anabisha?"

Msichana mmoja akavua uzi wake, akausogelea mti. Mzee mwenye fimbo naye. Kufumba na kufumbua foleni imefika mlangoni, watu wanacheka, wanafunguana mafundo, na Bibi kashika usukani, anaonyesha tawi la kila mtu.

Dobri akaitazama kamera ya darini. Akaigeuzia mgongo, akamnyooshea Ralitsa mkono wenye uzi.

"Nisaidie, mwanangu. Mke wangu aliukaza huu."