Rangi Mbichi

Fundi alianza na mlango wa nyuma, kwa sababu ndio uliooza zaidi. Alitandika gunia chini ya banda la mabati, nyuma ya nyumba, pale gari la baba yake lilipokaa tangu siku aliyozaliwa. Akapiga magoti, akachukua bisibisi, akaanza kuchokoa kutu. Wasiojua kazi huogopa nyundo. Fundi wa bodi huogopa bisibisi, maana ndiyo inayosema ukweli. Bati lilimeguka kama biskuti iliyolowa chai, likaacha tundu la kupitisha ngumi, na ndani ya tundu hilo fundi aliona miguu ya mama yake.

Ilikuwa imevimba, imevaa kandambili za bluu, imekanyaga zulia la gari. Fundi alifungua mlango. Siti ilikuwa tupu, springi zimechomoza. Akafunga, akainama tena tunduni, na miguu ilikuwepo. Hakuwahi kumwona mama yake, lakini kile kidole gumba kilichopinda kwa ndani alikijua, maana na yeye alikuwa nacho.

"Shikamoo, mama," alisema. Kisha akaenda kunawa mikono, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Mtaani walimwita Haraka. Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi na kila mtu aliijua: uchungu ulimshika mama wakati mvua kubwa inanyesha, baba akamtia garini kumkimbiza hospitali, mtoto hakusubiri, akazaliwa kwenye siti ya nyuma, mama akafia njiani. Dada yake, ambaye siku ile hakuwepo nyumbani na ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea hadi akaota ndevu, alikuwa mwema siku zote isipokuwa akikasirika. Akikasirika alisema, "Ungesubiri kidogo tu, mama angekuwepo."

Basi Haraka aliishi akijitahidi kusubiri. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na kuoa alichelewa mpaka wachumba wakajiendea zao. Kazi ya kunyoosha bodi ilimfaa, maana haitaki pupa. Watu walimtania kwamba ukimpelekea gari lako, mwachie na wosia.

Sasa binti wa dada alikuwa anaolewa, na baba, ambaye alikuwa mzee wa kutembelea mkongojo, alitaka bibi harusi apande gari lile. Injini ilishashughulikiwa na fundi mwingine. Ilibaki bodi.

"Nataka liwe kama nilivyoliacha," alisema baba.

Jioni ile dada alikuja bandani na kikombe cha chai. Haraka akamwonyesha tundu. Dada aliinama akatazama.

"Kandambili zile nilizitafuta nyumba nzima," alisema. Halafu akasema, "Mbona imevimba hivyo? Huyu inabidi anyanyue miguu."

Alileta kigoda, lakini hapakuwa na njia ya kukifikisha. Ukifungua mlango, hayupo, ukiufunga, yupo. Mwishowe dada alikikalia yeye mwenyewe, akamsimulia mama habari za nyumbani: nani kaolewa, nani kafariki, na kwamba mjukuu wake ana macho yake. Tangu hapo dada alikuja kila jioni, na baba naye alipita kila jioni na mkongojo wake, akiuliza habari za rangi bila kutazama tundu.

Haraka aliendelea na kazi. Alikata palipooza, akachomelea bati jipya, akapaka puti ya kusawazisha, akapiga msasa. Na kadiri alivyopiga msasa ndivyo moyo wake ulivyozidi kuwa mzito, kwa sababu gari lilikuwa linamweleza mambo asiyoyauliza. Gari lililopita kwenye tope la mvua halisahau. Ulioshe utakavyo, tope hubaki kwenye mikunjo ya mudgadi, yale mabati yanayofunika magurudumu. Mikunjo ya gari hili ilikuwa safi kama sahani. Kutu yake haikutoka nje. Ilianzia ndani, chini ya siti ya nyuma, kana kwamba maji yalimwagika pale na hakuna aliyeyafuta. Haraka alijua ni maji gani humwagika pale mwanamke anapokuwa karibu kujifungua. Akaendelea kusugua.

Hatimaye kote pakawa pamezibwa ila tundu moja. Siku ya kupuliza rangi baba aliomba kiti, akaketi mlangoni mwa banda kama mtu aliyealikwa. Rangi ilikuwa ileile ya zamani, ya maziwa. Ilikaa vizuri. Haraka alikuwa anamalizia buti pale wingu lilipofunga na matone ya kwanza yakagonga bati la banda. Mara mvua ikashuka yote kwa pamoja.

"Mvua imekatika?" iliuliza sauti kutoka tunduni. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana kuliko Haraka, na alikuwa anahema.

Kabla Haraka hajafungua kinywa, baba alijibu, bila kugeuza kichwa, kama mtu aliyezoea swali lenyewe.

"Bado. Vumilia kidogo."

Haraka aliweka chini bomba la rangi.

"Baba, siku ile gari hili lilitoka?"

Mzee alitazama mvua.

"Rangi ilikuwa mbichi," alisema. "Fundi wa rangi alikuwa ameondoka asubuhi ileile. Nilidhani mvua itapita. Wakati ule mvua zilikuwa zinapita upesi."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja. Mvua haikupita."

"Mmeniita Haraka, baba. Dada amenisema maisha yangu yote, na wewe umekaa hapo hapo unasikia."

"Mimi sikusema."

"Hukukanusha."

"Sikukanusha," baba alikubali.

Haraka alichukua ufunguo, akawasha gari. Mzee alisimama kwa mkongojo, akapiga kelele kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kama bado anazo: "Rangi mbichi hiyo!" Gari likampita, likaingia mvuani. Kwa mara ya kwanza Haraka alilistahili jina lake. Aliendesha huku analia, na rangi ya maziwa ikachuruzika ubavuni mwa gari, ikaenda na maji ya mitaro.

Mlangoni mwa hospitali muuguzi alimjia na kiti cha magurudumu. Haraka alimwonyesha tundu. Muuguzi aliinama, akatazama kwa makini, akainuka.

"Mmechelewa," alisema. "Mgonjwa wa hivi analetwa mapema."

"Rangi ilikuwa mbichi," alisema Haraka. Alijichukia kwa kuyasema, lakini hakuwa na jibu jingine.

Muuguzi aliitikia kwa kichwa. Ilionekana amesikia sababu nyingi za namna hiyo.

"Na mtoto?"

"Ni mimi."

Akamtazama, mvi za kwanza kichwani, puti kwenye kucha.

"Mtoto mzima," alisema, akageuza kiti kitupu, akarudi ndani.

Nyumbani Haraka alimweleza dada. Dada alikaa chini pale pale jikoni, akalia mpaka kanga ikalowa, akamwomba msamaha, na Haraka akampa, kwa kuwa naye alidanganywa. Baba alikuwa nje, analizunguka gari.

"Nilikwambia," alisema. "Sasa itabidi urudie."

Haraka alirudia, kwa ajili ya bibi harusi. Lile tundu aliliacha.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali. Bibi harusi aliingia nyuma na gauni lake, na waliosimama upande ule waliona tunduni kiatu cheupe kando ya kandambili ya bluu. Wakamsifu mzee kwa gari lake, kwamba ungedhani limetoka kiwandani jana.

"Nililitunza," baba alijibu kutoka siti ya mbele, kifua mbele. "Halijawahi kunyeshewa hata siku moja."

Haraka alipiga magoti mlangoni na suti yake.

"Mvua imekatika?" mama aliuliza.

"Imekatika, mama," alisema.

Kisha akashika usukani, akaendesha polepole, maana hapakuwa tena na pa kuwahi.