Mkalimani wa Bwana Pyeon

Mihwa aliliona jina la Pyeon Gwang-ho katika ratiba ya tamasha siku ya Jumanne asubuhi, na tangu hapo kila alichotia mdomoni kilikuwa majivu. Kwa miaka mitano alikuwa mkalimani wa tamasha lile la filamu mpya za Asia linalofanyika Osaka kila Machi. Alikuwa amewatafsiria waongozaji walevi, waongozaji waoga, na hata mmoja aliyeangua kilio jukwaani. Kikao cha Pyeon alikuwa amepangiwa mwenzake, Nagisa. Mihwa akampigia simu.

"Jumamosi saa tisa niachie mimi. Wewe chukua wale waongozaji vijana wa Busan niliopangiwa mimi."

"Unamtaka Pyeon? Wanasema ana maringo kama bwana harusi."

"Maringo yake nayajua. Alikaa kwetu."

Alikaa kwao kweli. Miaka kumi na minne nyuma, Pyeon alifika Ikuno, mtaa wa Osaka wenye Wakorea ambao wazazi wao walivuka bahari kutoka kisiwa cha Jeju, akitafuta kisa cha filamu. Mihwa ndiye aliyempeleka nyumbani. Alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini, mwenye miwani mizito, akiona fahari kuandamana na msanii wa Seoul. Baba yake, mzee Jwa, alikuwa fundi makubazi, na mashine ya kukatia soli ilikuwa imekula nusu ya kidole chake cha shahada. Majira mazima ya baridi Pyeon alishinda karakanani, akila kimchi ya mama, kabichi ya pilipili iliyochachishwa, na kumsikiliza mzee. Na mzee, ambaye kwa wanawe alikuwa kama bubu, alimfungulia mgeni moyo. Alimsimulia habari za rafiki yake, ndugu mdogo wa mzee Bu wa nyumba ya pili, aliyeingia Japani kwa magendo, akakamatwa alfajiri moja na kurudishwa alikotoka, asionekane tena. Nani aliyemchongea kwa polisi? Mtaa mzima uliuliza kwa miaka arobaini na usipate jibu.

Filamu ikajibu. Ndani yake mlikuwa na fundi makubazi mwenye nusu kidole, na karakana ileile, na aproni ileile ya buluu, na huyo fundi ndiye aliyemuuza rafiki yake. Siku ilipoonyeshwa Ikuno, watu walitoka ukumbini bila kusemezana. Kesho yake maneno yakaanza: yule mgeni angeyajulia wapi haya kama Jwa hakuungama kwake? Mzee Bu, aliyecheza karata na Jwa kila Jumapili, alikuja akatema mate mlangoni kwao, mtaa mzima ukitazama. Mzee Jwa alijitetea mara moja tu, kisha akanyamaza. Miaka mitatu baadaye alikufa. Mazishini walikuwa watu wanne, na mmoja wao alikuwa dereva wa gari la maiti.

Kilichomtafuna Mihwa zaidi ya yote ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Zilikuwapo siku ambazo baba yake na Pyeon walibaki wawili karakanani, na mlango umefungwa. Hakuthubutu kumuuliza baba. Na baba alijua kwa nini haulizwi.

Basi akaandaa uongo. Alimpelekea mzee Bu tiketi ndani ya bahasha ya tamasha, pasipo jina la mtumaji, maana alijua mzee yule akiketi mbele ya Pyeon hatazuia ulimi wake. Pyeon hakujua Kijapani hata cha kuombea maji, na Kikorea cha haraka cha Seoul mzee Bu alikuwa hakishiki. Aseme atakalo, Mihwa angewaambia watu kwamba amekiri: nilitunga, nilimsingizia mtu asiye na hatia. Liwe kweli, lisiwe kweli, angelisema.

Jumamosi, nyuma ya pazia, Pyeon alimtazama kama mtu anavyotazama kiti. Hakumtambua: miwani mizito haikuwapo tena, kwenye beji palikuwa na jina la Kijapani la mumewe, na tangu zamani Pyeon hakuwahi kumtazama usoni.

"Sikia, dada," akasema huku akijitengeneza kola. "Usinitafsiri kikavukavu. Nipambe kidogo. Watu wa huku wanapenda mnyenyekevu."

"Usiwe na wasiwasi, bwana mwongozaji. Hakuna neno lako litakaloanguka chini leo."

Filamu yake mpya ikaonyeshwa, makofi yakapigwa, wakapanda jukwaani. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa ya sifa. La tatu, mkono uliopanda ulikuwa wa mzee Bu, safu ya tatu, umekonda. Hakuuliza habari za filamu mpya.

"Mimi ni mtu wa Ikuno," akasema kwa Kijapani. "Ulifanya filamu ya fundi makubazi. Yule aliyechongewa alikuwa mdogo wangu. Nataka kujua kitu kimoja nife nikikijua. Jwa alikwambia kwa kinywa chake kwamba ni yeye?"

Mihwa akalitafsiri swali lote, asipunguze kitu. Pyeon alitabasamu, akafunika kipaza sauti chake kwa kiganja, akamwinamia sikioni.

"Lile? Nilitunga tu. Yule mzee hakuwa na lolote, alikuwa akilia tu na kumtaja rafiki yake. Hadithi ilikuwa imepoa, ilihitaji msaliti. Lakini hiki kizee usikiambie hivyo. Kiambie msanii hulinda siri za waliomwamini, kiende kikalale."

Mihwa alikuwa na uongo wake mdomoni, umeiva. Akaumeza. Kwa kitambo aliona kidole cha baba yake kikipapasa ngozi mezani, kikitafuta pa kukata. Kisha akashika kipaza sauti chake kwa mikono miwili.

"Bwana Pyeon anajibu hivi," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya msoma habari. "Anasema: nilitunga tu. Yule mzee hakuwa na lolote, alikuwa akilia tu na kumtaja rafiki yake. Hadithi ilikuwa imepoa, ilihitaji msaliti. Anasema: hiki kizee usikiambie hivyo. Kiambie msanii hulinda siri za waliomwamini, kiende kikalale."

 Bibi mmoja wa Ikuno, muuza mboga za kuchacha, akasimama na mkoba wake.

"Shetani mkubwa! Umekula kwenye nyumba ya watu, ukawanyea kwenye sahani!"

"Wanasemaje?" Pyeon akanong'ona, tabasamu likiwa bado limening'inia.

Mihwa akamtafsiria. Na la pili akamtafsiria, na la tatu, kila tusi kwa uzito wake, taratibu, na yote yalikuwa matamu ulimini. Mtu alipopaza sauti kwamba mwongozaji ana sura ya samaki aliyeharibika, Mihwa alifafanua hata aina ya samaki.

"Umewaambia nini?" Pyeon alikuwa amekwisha kupauka.

"Ulichosema. Kimchi uliyoila majira yale ya baridi, mama bado anaitengeneza. Mimi ni binti wa msaliti wako."

Pyeon alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaweka kipaza sauti chini na kushuka jukwaani.

Bwana Tomioka, msimamizi wa tamasha, alimngoja mlangoni. "Maneno ya pembeni si ya kutafsiri, Mihwa. Unajua hivyo kuliko sisi."

"Najua." Akavua beji mwenyewe na kumpa. Kazi ile hakuipata tena, wala kwingine hawakumwita. Huko Seoul, Pyeon aliwaambia waandishi kwamba mkalimani alimsingizia. Lakini kipaza sauti cha Mihwa kilikuwa wazi alipomwinamia, na mnong'ono wa Pyeon mwenyewe ulikuwa umerekodiwa. Aliposikilizishwa, hakuzungumza tena na mwandishi yeyote.

Jumapili mzee Bu alifika nyumbani kwa mama yake Mihwa amevaa suti, na sanduku la machungwa mkononi. Alipiga magoti palepale mlangoni panapovuliwa viatu, paji la uso likagusa sakafu.

"Mwanangu, nilimuua baba yako."

"Magoti yako yamechelewa miaka kumi, mzee Bu."

"Mihwa, basi," mama akasema kutoka ndani. "Mwache amnyweshe baba yako pombe, aende zake."

Mzee akanyoosha mkono kwenye kikombe cha tambiko, ambacho wageni humimina pombe kumkirimu marehemu, mbele ya picha yake. Mihwa akakiondoa.

"Bado. Ulitema mate mtaa mzima ukiona. Nenda mlango kwa mlango, useme ulivyokosea, kwa jina lake kamili. Ukimaliza, rudi umnyweshe."

"Nyumba zote? Miguu yangu, mwanangu…"

"Zote."

Wakatoka, mzee mbele na mkongojo, Mihwa hatua mbili nyuma ili asiruke mlango hata mmoja. Mzee alibisha, akainama, akasema: Jwa Deok-cheol hakumuuza mtu, mimi ndiye niliyemuuza yeye. Kwingine walilia. Kwingine walifunga mlango haraka, kwa aibu yao wenyewe, na Mihwa akabisha tena mpaka ukafunguliwa. Kufika nyumba ya kumi na moja mzee alikuwa akihema, ameegemea ukuta, midomo imegeuka buluu. Akamtazama Mihwa. Mihwa alifikiri kumpa mkono wake ashikilie.

Hakumpa. Alimngoja apate pumzi, kisha akamwonyesha mlango unaofuata.