Vumbi Chini ya Dawati la Ikupa

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wa zamu wa Kidato cha Pili walipandisha viti juu ya madawati, wakanyunyiza maji kidogo sakafuni na kufagia. Vumbi la darasa hilo lilikuwa la aina mbili. La kwanza lilikuwa lile jekundu la mtaa wa Chapwa, hapo Tunduma, linaloingia na upepo na viatu. La pili lilikuwa masomo ambayo hayakuwaingia wanafunzi. Hili lilikuwa la kijivu, jepesi kama pumba za mahindi, na mtu akilishika kiganjani aliona ndani yake herufi, mishale ya michoro na vipande vya ramani. Masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza yalianguka kwa kishindo kidogo. Kiswahili kilielea kwanza, kikaenda kutua karibu na dirisha.

Yote mawili yalizolewa pamoja na kutupwa kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo. Ndivyo ilivyokuwa tangu shule ijengwe. Kuku wa jirani, waliochakura pale shimoni kila asubuhi, walikuwa na tabia ya kutembea kwa kufuata pembetatu. Mwenye kuku hakuwahi kulalamika, kwa sababu walitaga vizuri.

Chini ya dawati la Ikupa vumbi la kijivu lilikuwa jingi kuliko kwingine kote. Ikupa alikuwa msichana wa Ikinga, kule Ileje, aliyeletwa Tunduma kusoma kwa shangazi yake Ferista, muuza maharage sokoni. Alikaa mstari wa mbele, akakunja mikono kama sheria ya shule ilivyotaka, akamkazia mwalimu macho. Somo lilimfikia sikioni, likasita, likateremka begani na kuanguka. Wenzake waliliona likianguka na wakasogeza miguu.

Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Akiushindwa angekariri darasa, na shangazi Ferista alikuwa ameshasema neno lake.

"Kukariri, ukakariri Ikinga kwa bibi yako," alisema huku akiokota mawe kwenye maharage. "Kwangu hapa mtu anasonga mbele. Hata malori ya mpakani yanasonga, sembuse wewe."

"Kule shule iko mbali, shangazi."

"Basi utalima."

Ikupa hakuwa na ugomvi na jembe, lakini alitaka kuwa mtu wa maabara. Alitaka kuvaa koti jeupe na kutazama damu kwa hadubini.

Mwalimu wa Biolojia aliitwa Madam Agnes. Alikuwa pia mwalimu wa ushauri, kazi aliyopewa kwa kuwa siku ya kugawa majukumu alichelewa kufika kikaoni. Jioni moja aliwakuta wanafunzi wa zamu wakizoa taka, akawaambia waache. Aliinama, akatazama chini ya dawati moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta sindano.

Chini ya dawati la Lucky, ambaye mama yake alifanya biashara kati ya Tunduma na Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, palikuwa na vumbi la vipindi vya kimya tu. Vipindi ambavyo darasa lilibishana havikuacha hata chembe. Vumbi la Osward, kijana mrefu asiyetulia kitini, lilijipanga kwenye mstari ulioelekea mlangoni. La Ikupa lilikuwa na kila kitu, isipokuwa somo la mbegu la asubuhi hiyo, ambapo Madam aliwapa mbegu wazichambue kwa mikono.

"Ikupa, nyumbani unafanya kazi gani?"

"Ninapepeta, Madam. Maharage ya shangazi."

"Kesho njoo na ungo."

Darasa likacheka. "Madam, na mimi nije na mwiko?" aliuliza Lucky.

"Wewe njoo na mdomo wako. Unatosha."

Kesho yake baada ya masomo, Madam Agnes alimimina vumbi la Ikupa kwenye ungo. Ikupa alisimama karibu na dirisha, akausikiliza upepo kwa shavu kama bibi yake alivyomfundisha, akaanza kupepeta. Vumbi jekundu la Chapwa lilitoka nje kwa dirisha. La kijivu lilipanda, likashuka, likapanda tena, kisha likaacha kushuka. Liliingia kwenye viganja vyake polepole, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu.

"Limeingia?"

"Limeingia, Madam."

"Hebu sema."

Ikupa alieleza safari ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi, kwa Kiingereza, bila kusimama popote. Alipomaliza alikuna kiganja. "Mapafu yanawasha kidogo," alisema.

Lucky naye akauomba ungo. Alipepeta kwa nguvu, somo lote likamwingia machoni, akatokwa na machozi hadi kengele ya kufunga. Kwa hiyo Madam alijaribu kwa njia nyingine.

"Moyo una vyumba vinne, Lucky."

"Vinne vya nini? Mpangaji si mmoja?"

"Damu safi isichanganyike na ile chafu."

"Kwani milango hamna?"

"Imo. Inaitwa vali."

"Ee, hapo tunaelewana. Natotela, Madam," alisema kwa Kibemba cha sokoni, na alipofungua mdomo kushukuru, vumbi lake likainuka kutoka sakafuni likaingia humo. Alilimeza kama togwa.

Osward alipewa ruhusa ya kutembea. Alitoka getini na vumbi lake likamfuata nyuma kama vifaranga, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Madereva waliliachia njia. Alipofika mwisho wa foleni lilikuwa limeshampanda miguuni lote, na alirudi akizijua nchi zote za kusini na bidhaa zake.

Tangu siku hiyo darasa la Kidato cha Pili lilikuwa na kelele nzuri jioni, ya kubishana na kuimba na nyungo, na sakafu yake ikawa haina cha kufagia. Kuku wa jirani walikonda. Mwenyewe alikuja kuulizia, na Madam Agnes akampa mitihani ya zamani awatwangie.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Sadoki, mtu aliyependa mistari iliyonyooka, alipita siku moja akasimama mlangoni na mikono nyuma. Alimtazama Ikupa akipepeta sheria za Newton.

"Inafanya kazi?"

"Kwake yeye, Mkuu," alisema Madam Agnes.

"Vizuri sana," alisema Mkuu, akaondoka akitabasamu.

Siku ya mtihani msimamizi alitoka shule nyingine. Ungo ulibaki nje, umeegemezwa ukutani. Ikupa alikaa, akakunja mikono, akasoma swali la kwanza. Halikumwambia kitu. Alisoma tena. Aliiona barabara ya kwenda Ikinga, na jembe limesimama mlangoni kwa bibi. Ndipo alipoikunjua mikono. Aliishika karatasi ya maswali kwa pande mbili na kuirusha taratibu. Maneno ya ziada yalipeperuka, yakatua kwenye kiatu cha msimamizi. Swali lenyewe likabaki katikati ya karatasi, safi, dogo kama harage.

"Wewe, unafanya nini?"

"Natoa makapi, mwalimu."

Msimamizi alipangusa kiatu. "Toa kimya kimya. Wenzako wanafanya mtihani."

Matokeo yalipotoka, Ikupa alikuwa amefaulu vizuri. Shangazi Ferista alipanda juu ya gunia na kupiga vigelegele, na maharage ya meza zote za sokoni yakarukaruka, hata akina mama wakayafunika kwa khanga. Kila mteja siku hiyo alipewa nyongeza.

"Shuka sasa, shangazi, utaanguka."

"Nianguke mara ngapi? Kwetu hatuanguki tena! Haya msomi, pepeta gunia hili."

Shule ilipofunguliwa, Mkuu alisimama mbele ya mistari kwa furaha kubwa.

"Tumepata njia ya kujifunza," alitangaza. "Kuanzia leo kila mwanafunzi atakuja na ungo. Asiye na ungo arudi nyumbani. Kubishana darasani ni marufuku, na kutembea ni marufuku."

Madam Agnes alinyoosha mkono. Mkuu alimpongeza mbele ya wote na hakumpa nafasi ya kusema.

Shule nzima ikapepeta kwa filimbi. Mikono kama ya Ikupa ilifurahi. Waliobaki walifikicha macho, na jioni sakafu ilikuwa ya kijivu kama zamani. Kuku wa jirani walianza kunenepa.

Ikupa, sasa wa Kidato cha Tatu, alikuwa na zamu ya kufagia. Chini ya dawati lake palikuwa safi. Vumbi la Osward alilisukuma hadi mlangoni likajiendea lenyewe. La Lucky alilifunga kwenye gazeti, akatoka nalo.

Lucky alikuwa nje ya geti, macho mekundu, ungo kichwani kama kofia.

"Leo nimeangusha nini?"

"Jiografia."

"Nani kasema dunia inazunguka?" alianza Lucky, na Ikupa akacheka, akafungua gazeti.