Jina Kwenye Msuka

Bwana Isogai alifika Seki, mji wa wafua panga huko Japani, Jumamosi asubuhi, upanga ameuviringisha kwenye kitambaa cha zambarau na kuukumbatia kama mtoto mchanga. Tokuzo, mnoaji wa panga, alimkaribisha mkekani. Dada yake Kinu, aliyehamia kwake alipofiwa na mume, alileta chai na badala ya kurudi jikoni akakaa.

"Ni wa kaka yangu," mgeni alisema. "Alipopewa uofisa, baba alikuja hapa mwenyewe kumnunulia. Vitani kwenyewe kaka hakufika, nimonia ilimmalizia kambini. Vita vilipokwisha baba akauficha darini Wamarekani wasiuchukue. Tumeuona juzi tukitengeneza paa. Wiki ijayo naupeleka kwa wakaguzi, usajiliwe."

"Na kwangu unataka nini?"

"Unithibitishie tu. Baba alimwona mhunzi Kanehaya kwa macho yake, akiufua. Alilisimulia hilo hadi anakata roho."

Tokuzo alikigonga kijiti cha mwanzi kilichoshikilia mpini kikatoka, akauvuta mpini taratibu. Msuka, ile sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini, ulikuwa umeiva kwa kutu. Akausogeza dirishani. Jina la Kanehaya lilikuwepo, limechongwa kwa tindo. Mgeni akashusha pumzi.

Kinu naye aliinama kutazama, na moyo ukamruka. Mkato wa mwisho wa jina ulikuwa umepinda kushoto, ukaishia kwa kidoti, pale pale tindo ilipokuwa ikimponyoka siku zote.

"Huu mkono wangu," alisema, akacheka kama msichana. "Tokuzo, hebu ona huo mkia. Msimamizi wa kiwanda alinigombeza kwa huo mkia mpaka akachoka mwenyewe."

"Mkono wako vipi, mama?" Isogai aliuliza.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Panga zilikuwa zinatoka kiwandani kwa mafungu, mzee Kanehaya angechonga ngapi peke yake? Tukawekwa wasichana kwenye benchi, tunachonga jina lake kutwa nzima."

Tokuzo alimkazia macho dada yake. Kinu hakuona. "Na hapa juu lazima kuna chapa," aliendelea, akipapasa chuma kwa kidole. Ilikuwepo kweli chini ya kutu, duara dogo lenye herufi ya Seki, alama ya upanga wa kiwandani.

Ndipo alipoinua uso akamtazama mgeni, na kicheko kikamkauka.

"Kwa hiyo baba alinidanganya," Isogai alisema.

Tokuzo alimweleza kwa sauti ya chini kwamba upanga wa namna hiyo, usiofuliwa kwa mkono, hausajiliwi, na usiosajiliwa hauruhusiwi kukaa nyumbani kwa mtu. Isogai alisikiliza. Aliufunga upanga mwenyewe, akashukuru kwa adabu zote, akaondoka bila kuigusa chai.

"Habari ya chapa ningempa mimi," Tokuzo alisema. "Kidogo kidogo. Wewe umemtupia tu."

"Nilifurahi."

"Nilikuona."

Siku zilizofuata Kinu hakuwa na raha. Akiwa anaosha figili kisimani, kitu alichokisahau miaka mingi kilimrudia. Wazazi waliotoka mbali kuwanunulia wanao panga walikuwa wakipokewa na msimamizi, wakinyweshwa chai, kisha wakipelekwa kwenye karakana ya nyuma. Huko mzee Kanehaya, amevalishwa nguo nyeupe, aliletwa mbele ya fuawe apige nyundo chuma chekundu. Wazazi wale waliinama mpaka paji la uso linakaribia udongo. Wakati wa kutoka walikabidhiwa upanga wowote kutoka kwenye fungu. Wasichana wa benchi walikuwa wakichungulia na kuficha vicheko kwenye mikono ya nguo. Kinu alicheka pamoja nao.

Alipanda treni hadi Gujo, mji wa Isogai. Alimkuta Isogai barazani, anafunga matunda ya kaki kwa kamba ayaanike. Hakumkaribisha ndani.

"Upanga nimeshawapa polisi," alisema. "Umechelewa."

"Sikuufuata upanga. Nimekuja kwa ajili ya mzee wako."

Akamsimulia yote, na kicheko cha wasichana wa benchi hakukiruka. Isogai aliendelea kufunga mpaka kamba ikamwishia mkononi.

"Kwa hiyo alimwona kweli."

"Alimwona. Hakukudanganya. Sisi ndio tuliomdanganya yeye."

Isogai alitazama bustani. "Niliporudi kutoka kwenu nilikaa mbele ya picha yake nikamsema. Mtu mzima na mvi zangu, nimemtukana baba yangu marehemu."

Kinu aliinamisha kichwa mpaka kwenye mbao za baraza. Maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima aliyaona madogo, akayasema hivyo hivyo. Isogai hakumwambia kwamba si kitu. Alikisogeza kikapu tu, akampa nafasi ya kukaa.

"Labda unamkumbuka," alisema baadaye. "Mfupi, ana kovu kidevuni. Akitembea anachechemea."

Kinu alimtafuta kichwani. Walikuja wengi, na nyuso zao zilikuwa zimefutika. Alichobaki nacho ni migongo iliyoinama. Aliona jinsi Isogai alivyoisimamisha mikono yake, anamngoja. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Hapana," alisema. "Simkumbuki. Laiti ningemkumbuka."

Isogai aliitikia kwa kichwa, akachukua tunda jingine.